Siagi Si ya Patasi

Nimekuwa seremala tangu enzi za Mwingereza, na mpaka leo sijanunua mafuta ya kopo ya kupaka zana. Vijana wanaokuja karakana kwangu hucheka wakiiona chupa yangu iliyozibwa kwa gunzi la mahindi. "Mzee, hii si dawa ya tumbo hii?" Ndiyo, ni dawa ya tumbo. Ni mafuta ya mbarika, wengine huita nyonyo, hayo hayo waliyonyweshwa na mama zao wakashinda chooni. Nawaambia, chukua patasi yoyote hapo ukutani uitazame. Anaichukua, anajiona meno. Kicheko kinaishia hapo.

Sikusoma mimi. Nilikwenda shule ya misheni madarasa mawili, tena la pili niliondoka kabla mwalimu hajalizoea jina langu. Ninachokijua nimekijua kwa mkono. Nimejenga nyumba ya mawe, nimesomesha watoto, na milango niliyoitengeneza inafunga vizuri mpaka leo, kuanzia Kibosho hadi Rombo. Kwa hiyo nikisema jambo la chuma na mafuta, nisikilizwe.

Wengi hudhani mbarika nilifundishwa na fundi wangu. Hapana. Fundi wangu alinifundisha mafuta ya nazi. Mbarika nilifundishwa na mama yangu, tena kwa njia iliyomuumiza yeye kuliko mimi.

Kwetu mlimani mtoto wa kwanza hupata kihamba, na wa mwisho hupata nyumba ya mama. Wa katikati hupata ushauri. Mimi ni wa katikati. Kihamba, kwa asiyejua, ni shamba la ukoo, la migomba na kahawa, na asiye na kihamba kwetu ni kama mgeni aliyechelewa kuondoka. Nilipoona langu halipo, nikashuka Moshi mjini kutafuta kazi ya kunishika.

Ilinishika kazi ya mbao, nyuma ya soko, kwenye chumba kimoja chenye baraza. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kiislamu, mama yake Mmanyema, baba yake mtu wa Pangani. Alikuja Moshi na reli wakati wa Mjerumani, kijana wa kubeba mbao, na reli ilipokoma na yeye akakoma hapo hapo. Mkewe alikuwa ameshafariki na mtoto hakujaliwa. Alikuwa na zana. Nimeshaona mafundi wengi wenye zana nyingi kuliko zake, lakini sijaona aliyezitunza vile.

Kila Alhamisi jioni tuliacha kazi mapema. "Zana nazo zioge, kesho Ijumaa," alisema. Tunakaa barazani na tambara la kanzu kuukuu na chupa ya mafuta ya nazi iliyokuja kwa treni kutoka Tanga. Mafuta ya nazi siku hizo hayakuwa kitu cha tajiri. Wanawake wa mjini walipaka nywele, na sisi tulipaka misumeno. Alinifundisha kufuta kwanza. "Mkono wa mtu ni bahari ndogo," aliniambia, "una chumvi. Ukipaka mafuta juu ya jasho umemfungia mwizi ndani ya nyumba." Nikipaka mengi ananipiga kikofi mkononi. "We Mchagga, tunapaka uso wa bibi harusi, hatukaangi sambusa!"

Zana iliyokuwa roho yake ni randa kubwa ya mti aliyoichonga mwenyewe, yenye ulimi wa chuma cha Mjerumani. Mpini wake ulikuwa umelika mahali pa kiganja, pakabaki umbo la mkono wake. Mtu mwingine akiishika anahisi kama amevaa kiatu cha mwenzake. Mimi mwenyewe sikuruhusiwa kuigusa ila kuipaka mafuta.

Vita vya pili vilikuwa vimekwisha zamani kidogo pale mzee alipopata habari kwamba ndugu yake wa mwisho, kule Pangani, amepofuka na hana wa kumpeleka hata msalani. Hakusita. Tatizo lilikuwa zana. Mwenye chumba alitaka chumba chake, na mjini kuliacha sanduku kwa jirani ni kumpa jirani mtihani. Akaniita.

"Sanduku lote nakuachia. Ni amana. Unajua amana?"

"Najua, fundi."

"Hujui. Amana huli, huvai, huazimi. Usizifanyie kazi, mkono wako bado haujazijua. Zipake tu kila Alhamisi, na nikirudi nizikute zinanitazama." Akalifunga sanduku, akaweka mkono juu yake. "Kijana, sikiliza. Shamba sina. Mtoto wa kunilisha sina. Mgongo wa kubeba magunia pale stesheni ulishakwisha. Nikirudi, chakula changu kimo humu ndani. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Nililibeba sanduku kichwani kutoka mjini mpaka kwetu juu, ule mteremko wote sasa nikiupanda, na chupa ya mafuta ya nazi nikaifunga kiunoni kwa kamba ya mgomba ili isigongane na kitu.

Mama yangu alikuwa mjane, akikaa katika nyumba yetu ya zamani ya nyasi, ile ya duara, ng'ombe upande mmoja, watu upande mwingine, moto katikati, na juu ya moto dari ya miti ambako hukaushwa kuni na kila kisichotakiwa kuoza. Mdogo wangu, mwenye nyumba wa kesho, alikuwa akilala bweni la shule ya misheni. Basi tulikuwa mimi na mama. Nililiweka sanduku mbali na ng'ombe, na kila Alhamisi nikakaa mlangoni na tambara, nikafuta, nikapaka. Hayo yalikuwa majira ya joto. Mafuta yalimwagika kwenye tambara kama maji.

Kisha nikapata kazi. Kazi yangu mwenyewe, ya kwanza ambayo sikuitwa "we Mchagga": milango na viti vya shule moja kule Mkuu, Rombo. Ilikuwa kazi ya kulala hukohuko. Nilikuwa na zana zangu chache, mbaya, za kuokoteza, na sikuthubutu kuchukua hata patasi moja ya mzee. Amana ni amana. Nikamwita mama nikamwonyesha chupa na tambara.

"Ni kupaka tu?" akauliza.

"Ni kupaka tu, mama. Unafuta, unapaka mafuta kidogo, unarudisha."

"Nimepaka watoto sita, nitashindwa na vyuma?"

"Vyuma havilii, mama, ukikosea."

"Basi ni afadhali kuliko nyinyi."

Nikaenda Rombo nikicheka njia nzima.

Anayeijua nchi yetu anajua kinachofuata masika. Ukungu hushuka kutoka msituni ukakaa migombani kama mkwe aliyekuja kusalimia. Watu hukaa na moto mchana. Mimi nilikuwa Mkuu napigilia milango, na baridi hiyo niliisikia masikioni kama kila mtu, nikajifunga shuka, wala haikunijia akilini kwamba nyumbani kuna chupa ya mafuta kutoka Tanga ambayo haijawahi kulala mlimani.

Niliporudi, kitu cha kwanza kilichonipokea ni harufu. Nilisimama mlangoni nikaijua lakini sikuweza kuiweka mahali pake. Ilikuwa harufu ya siagi iliyochacha, na ilitoka juu, darini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Umekuja! Zana zako zimeshiba. Nilizipandisha juu, huku chini ng'ombe anapumua sana."

Nilipanda. Alikuwa amezifunga moja moja kwa magamba makavu ya mgomba, kama tunavyofunga kila kitu cha thamani, na kamba amezifunga vizuri kwa mafundo mazuri. Nilifungua ya kwanza. Patasi. Chuma kilikuwa chekundu, kama udongo wa barabarani, chini ya utando wa siagi uliogeuka kijani. Nilifungua msumeno. Madoa mpaka ncha. Magamba mengine yalikuwa yametobolewa, na ndani mipini ilikuwa na meno ya panya. Panya wa darini hawakuwahi kupewa karamu kama ile: mti uliopakwa siagi. Mipini mingine walikuwa wameigusa tu. Ule wa randa walikuwa wameula. Pale pahali pa kiganja cha mzee, pote, palikuwa pameliwa.

Nilishuka na randa mkononi.

"Mama, ulizipaka nini?"

Alikuwa bado anatabasamu. "Siagi, baba. Ya yule ng'ombe mwekundu. Kila Alhamisi, kama ulivyosema."

Msomaji asiye wa kwetu aelewe siagi ilikuwa nini. Siagi ya kibuyu ilikuwa ya kumpaka mtoto aliyezaliwa, na bibi harusi, na mgeni mwenye heshima. Iliyobaki ilikwenda sokoni, nayo ndiyo iliyomletea mama chumvi na magadi. Miezi ile yote hakupeleka sokoni hata kijiko. Alikula ndizi kavu, siagi akazipa patasi.

"Na mafuta ya kwenye chupa?"

"Ah, yale yalikufa." Akaingia ndani akaitoa chupa, akaigeuza juu chini kunionyesha. Hakikutoka kitu. Ndani palikuwa peupe pee, pagumu. "Unaona? Wiki uliyoondoka yalianza kuchafuka, halafu yakafa. Nikasema mafuta ya watu wa mjini ndivyo yalivyo, hayana nguvu. Nikasema nisiviache vitu vya watu na njaa mwanangu akiwa safarini. Mafuta meupe ni mafuta meupe, na yangu ni mabichi."

Niliichukua chupa nikaisimamisha kando ya mafiga, si karibu sana. Tulikaa tukaitazama, yeye hajui anatazamia nini. Kwanza upande wa moto ulilowa. Halafu kile cheupe kikaanza kuteleza, kikaelea kama kipande cha ukungu, kikawa kidogo, kikaisha. Chupa nzima ikawa safi kama maji ya mfereji.

Mama aliweka kiganja mdomoni.

"Kumbe yalikuwa yamelala," alisema.

Nilitoka nikaenda kusimama kwenye kahawa. Nilikuwa na hasira, siwezi kukataa, lakini ilikuwa hasira isiyo na mtu wa kumkalia. Ungemgombeza nani? Mafuta yaliganda kwa sababu ya mlima. Mama alitoa kilicho bora. Panya ni panya. Niliporudi nilimkuta ameketi na ile randa mapajani, anaupapasa mpini ulioliwa kwa kidole gumba, kama mtu anayepapasa jeraha la mtoto.

"Huyo mzee," akasema bila kuinua macho, "sasa atakula nini?"

Sikuwa nimemweleza maneno ya mzee juu ya sanduku. Alijua mwenyewe.

Siku zilizofuata sikwenda kutafuta kazi nyingine. Nilichukua majivu ya moto mkavu, nikachuma majani ya msasa, yale makavu yanayokwangua kama ulimi wa ng'ombe, nikasugua. Kutu ya juu ilitoka. Ya chini ilikuwa imeshachimba. Siagi, hata ikamuliwe vipi, ina maji ndani yake na uchachu wa maziwa, na chuma hakitaki vyote viwili. Patasi nilizilaza kwenye jiwe la kunolea nikazisugua mgongo mpaka vidole vikafa ganzi. Vishimo vikubwa vilibaki. Sikuvificha. Kuvificha ningelazimika kula nusu ya chuma cha mtu.

Lakini nikisha kusugua nitapaka nini? Baridi haijaisha, na nazi ile ile itaganda juu ya chuma kama nta ya mshumaa, na chini yake unyevu unakaa raha mustarehe. Nilisema hivyo kwa sauti, nikijisemea, na mama akasikia.

"Mafuta yasiyolala unayataka?"

"Yapo?"

"Mama yangu alilainishia ngozi tulizovaa. Mbarika. Hata juu kule msituni, watu wanakwenda kukata miti kwenye baridi ya kuua, ngozi haikukakamaa."

Mbarika huota wenyewe, kwetu haupandwi. Unauona chini chini huko, mipakani, kando ya mifereji, mahali ambapo watu hutupa taka. Nani aliuthamini? Mama alishuka na kikapu akarudi nacho kimejaa. Alikaanga mbegu kwenye chungu, akatwanga kwenye kinu, akachemsha na maji mengi, na mafuta yalipopanda juu akayaengua kwa upawa. Nilitaka kuyachukua hapo hapo. Akanizuia mkono.

"Safari hii sifanyi haraka."

Akayarudisha motoni yenyewe tu. Yakaanza kupasuka pasuka, tata-tata-tata, maji yaliyojificha yanatoka. Akakaa akiyasikiliza. Mimi nilikuwa nimeshachoka. Akachovya kijiti, akakitia kwenye makaa: kikalia. Akangoja. Akachovya kingine: kikawaka kimya. "Sasa," akasema. Hiyo kanuni ya kijiti naifuata mpaka leo, na ndiyo sababu mafuta yangu hayaleti kutu na ya wengine, hata wakitumia mbarika ile ile, yanaleta. Mafuta yenye maji ni mbwa wa mlinzi aliye rafiki wa wezi.

Nilipaka kidogo sana, nikafuta mpaka ungedhani hakuna kitu. Mbarika ni mazito; ukiacha mengi yananata, vumbi la mbao linakaa, na vumbi hunywa unyevu. Kwa mipini niliyapasha kwanza yakawa mepesi, nikasugua kwa kiganja mti ukanywa. Nikaziweka zana darini ndani ya sanduku, hakuna gamba, hakuna panya. Panya hali mbarika, anajua kitakachompata.

Ulibaki mpini wa randa. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mti mzee wa mbuni, wa ile kahawa ya kwanza aliyoipanda baba, uliokauka ukiwa umesimama. Mti wa kahawa ni mdogo lakini ni mgumu, laini, hauna nyuzi za kuchoma mkono. Mama aliniambia nikate. Nilichonga mpini nikijaribu kukumbuka mkono wa mzee, unene wa kidole gumba, pale pa kiganja. Nilipomaliza ulikuwa mpini mzuri. Haukuwa wake.

Jua lilianza kurudi. Dereva mmoja wa lori la kahawa akaniambia, yule fundi wako yuko mjini, kapewa kibaraza nyumba ya rafiki yake, ndugu yake amezikwa, na kuna mtu ameshamwagizia milango. Anauliza zana zake.

Asubuhi nilipolifunga sanduku, mama alitoka amevaa khanga zake za kanisani. Kichwani mkungu wa ndizi. Mkononi ameshika jani la isale.

Isale ni ule mmea wa majani marefu tunaopanda mipakani. Kwetu, mtu akikukosea akakuletea jani lake, hata kama kosa ni kubwa namna gani, unakaa chini mnazungumza. Kulikataa ni jambo zito, watu watalitaja mpaka kwenye msiba wako. Na desturi inataka liende na mbege, pombe yetu ya ndizi, lakini mama aliijua dini ya mzee, ndiyo maana ya ndizi.

"Mama, yule ni mtu wa mjini. Mwislamu. Ataona jani tu."

"Simpelekei jani. Nampelekea kosa langu. Jani ni la kushikia."

"Niache nimweleze mimi. Nilikabidhiwa mimi."

"Ulipaka wewe?"

Tukashuka. Njiani aliuliza jambo moja tu, kama mzee ana meno ya kula ndizi.

Mzee alikuwa amekaa kibarazani, amekonda, nywele zimekuwa nyeupe zote. Aliponiona alicheka. Nilimwamkia, akaitikia, akamkaribisha mama kwa heshima, akamwita dada, akamwekea kigoda. Kisha hakungoja. Alilifungua sanduku.

Msumeno ulikuwa juu. Akauinua, akajiona ndani yake, akatikisa kichwa kwa raha. "Zinanitazama," alisema. Akachukua patasi, akaigeuza. Uso ukabadilika. "Vishimo hivi? Chuma changu kimeugua ndui?" Nikafungua mdomo, lakini mkono wake ulikuwa umeshaingia sandukuni kuitafuta randa. Macho yake hayakuwa pale. Mkono ulikwenda wenyewe, ukafunga juu ya mpini, ukasimama.

"Huu si mpini wangu."

Mama akainuka, jani kalishika kwa mikono miwili. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kuuzia na kununulia.

"Baba, mimi napaka siagi. Mimi. Huyu hayupo, huyu iko Rombo. Panya nakula."

"Siagi?"

"Siagi."

"Ya ng'ombe?"

"Ya ng'ombe mwekundu. Nzuri."

Mzee akanitazama. "Na nazi yangu?"

"Nakufa baridi," mama akajibu kabla yangu.

"Iliganda, fundi," nikasema. "Kwetu wakati ule inakuwa nyeupe kama mafuta ya kondoo. Haitoki. Akadhani imeharibika."

Mzee akageuza kichwa akautazama mlima, siku hiyo ulikuwa wazi. "Nimekaa chini ya jitu hili tangu sijaota ndevu," alisema, "sijapanda hata mara moja wakati wa baridi. Nimekupa chupa ya Tanga upeleke kule. Sasa nani mjinga?" Akamgeukia mama. "Jani hili nalijua, dada. Niliona likiletwa barazani kwa mangi, chifu wenu, watu wameshatoana damu, wakakaa. Lakini ile ilikuwa damu. Wewe umeniletea kwa kutu?"

"Kutu, damu, sawa sawa tu," mama akasema. "Wewe sasa nakula nini?"

Kulikuwa na ubao wa mringaringa umeegemezwa ukutani, wa ile milango aliyoagizwa. Mzee akaulaza, akagonga ulimi wa randa kidogo, akachungulia chini yake, akaupima kwa kidole. Akasukuma. Randa ikaruka, ikakwaruza. Mama akafumba macho. Mzee akauachia mpini, akaushika tena chini kidogo, akahamisha kidole gumba, akasukuma. Safari hii ikalia sauti ile ninayoijua, ndefu, kama mtu anapasua shuka jipya, na utepe wa mti ukatoka, ukajikunja, ukaanguka miguuni kwa mama. Akasukuma tena. Akasukuma tena.

"Mti gani huu?" akauliza, akiupapasa mpini.

"Mbuni, fundi. Wa nyumbani."

"Kahawa? Basi mimi na usingizi tumeachana."

Mama hakuuelewa mzaha, lakini aliuona uso, akafumbua macho vizuri, akaketi. Mzee akalipokea jani kwa mikono miwili, vile vile alivyopewa, akalichomeka ukutani kwenye msumari wa kuning'inizia msumeno. Kisha akanusa patasi.

"Na hii ni nini?"

"Mbarika."

"Ile ya kuharisha?"

"Hailali," mama akasema.

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Jani nimelipokea, dada. Siagi yako siku nyingine nipe mimi nipake mkate. Chuma kipe hii hii." Halafu akanigeukia bila kucheka. "Na wewe umesimama nini? Shika upande ule wa ubao. Milango hiyo haijitengenezi."

Alitengeneza milango ile, na mingine mingi baada yake, na randa ile ile, na mpini ule. Mama alimletea mbarika kila alipokuja sokoni, na kila mara walitaniana, yeye akimwuliza zana zimekula nini leo, mzee akijibu zinakataa kula, zinalilia siagi. Jani lilikauka ukutani. Hakuna aliyelitoa.

Mikono yake ilipokataa kabisa, aliniagiza nilete sanduku tupu. Akazipanga zana humo mwenyewe, moja moja, kila moja akiifuta kwanza. Ya mwisho ilikuwa randa. Safari hii hakusema ni amana. Alisema, "Zifanyie kazi."

Ninazo. Vishimo vya kwenye patasi vipo, kijana akiuliza namwambia ni ndui. Mpini wa mbuni umeshalika mahali pawili: pa kidole chake, na chini kidogo pa changu. Kila Alhamisi jioni, ingawa mimi ni mtu wa Jumapili, natoa tambara na chupa yangu, nafuta, napaka kidogo, nafuta tena. Siagi naiweka kwenye ndizi.